Faida ya Mkandarasi Si Kipimo cha Kazi Yake

Jengo linapokamilika, maswali mawili huulizwa upesi: limegharimu kiasi gani, na mkandarasi amebakiwa na nini. Swali la tatu, ambalo ndilo kubwa, aghalabu haliulizwi: kwa saruji ile, kwa nondo zile, na kwa siku zile zote za jasho la mafundi na vibarua, je, ingewezekana kujenga zaidi ya kilichojengwa? Maswali mawili ya kwanza hujibiwa kwa fedha. La tatu halijibiki kwa fedha peke yake, na labda ndiyo sababu hukwepwa. Matokeo yake ni kwamba sekta inayojenga shule, hospitali, barabara na madaraja hupimwa kwa kipimo kisichoionyesha kazi yenyewe.

Faida ni kipimo cha lazima, kwa kuwa kampuni isiyopata faida haidumu. Lakini faida haiwezi kusimama mahali pa ufanisi, kama vile uzito wa gunia usivyoweza kueleza ubora wa mchele uliomo. Nchi inayotaka kujua kama inajenga vizuri hapana budi ipime kazi kwa vipimo vya kazi, kisha ndipo iitazame faida.

Maneno matatu yanayochanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku maneno faida, tija na ufanisi hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Yafaa yatenganishwe.

Faida ni tofauti kati ya mapato na gharama, nayo huhesabiwa kwa shilingi. Tija ni uwiano kati ya kazi iliyofanyika na nguvu au vifaa vilivyotumika kuifanya. Huhesabiwa, kwa mfano, kwa mita za mraba za ukuta uliojengwa kwa kila saa ya mtu mmoja, au kwa mita za ujazo za zege kwa kila siku ya mashine. Ufanisi ni ulinganifu wa tija hiyo na tija bora inayoweza kupatikana katika mazingira yale yale, nao huhesabiwa kwa asilimia.

Mara maneno hayo yanapotenganishwa, yanaonekana wazi mambo ambayo hesabu ya fedha huyaficha. Mkandarasi aweza kupata faida nono bila ufanisi wowote, iwapo alishinda zabuni isiyo na washindani na kutaja bei aitakayo. Aweza kuipata kwa bahati, bei ya nondo inaposhuka baada ya mkataba kutiwa saini. Aweza kuipata kwa kuwapunja vibarua ujira wao, au kwa kuwachelewesha waliomkopesha vifaa. Katika hali zote hizo hakuna tofali hata moja lililojengwa vizuri zaidi au upesi zaidi. Fedha zimehama tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Ipo pia faida mbaya kuliko zote. Zege la mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, huhitaji takriban mifuko 6 na nusu ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Anayetia mifuko 5 ameokoa mfuko mmoja na nusu katika kila mita. Kwa macho, zege hilo likishakauka halina tofauti kubwa na lile halisi. Lakini mtafiti Duff Abrams alionyesha mjini Chicago mwaka 1918 kwamba nguvu ya zege hutegemea hasa uwiano wa maji na saruji. Saruji inapopunguzwa na maji yakabaki yale yale, nguvu hushuka. Katika daftari la mhasibu mifuko ile iliyookolewa huandikwa upande wa faida, ilhali katika nguzo ya jengo ni deni, na watakaolilipa ni watu ambao hawakuwapo siku mkataba ulipotiwa saini.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Sababu za kila ajali ni juu ya wachunguzi kuzieleza. Lakini ukweli mmoja hauhitaji mchunguzi: hesabu ya faida na hasara haina safu ya kuandikia hatari ya namna hiyo.

Jengo lililokwenda mbio na kukosa faida

Historia ya ujenzi inao mfano mashuhuri wa ufanisi uliotengana na faida. Ni jengo la Empire State la New York, lenye ghorofa 102. Kazi ya kulisimamisha ilianza mwezi wa Machi 1930, na jengo likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Kampuni ya Starrett Brothers and Eken iliyolijenga haikuwa na uchawi. Ilikuwa na mpango. Matofali, ambayo kwa desturi yalirundikwa mtaani na kubebwa kwa matoroli, yalimiminwa na malori kupitia njia maalumu hadi katika mapipa makubwa chini ya jengo, yakapandishwa kwa lifti, na katika kila ghorofa yakasafirishwa kwa reli ndogo hadi mikononi mwa waashi. Muda wa kutafuta na kubeba ulipungua, na muda wa kujenga ukaongezeka.

Kwa kipimo cha kazi, jengo hilo lilikuwa fahari ya zama zake. Kwa kipimo cha faida, wenye jengo walipata hasara ya muda mrefu. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwaondoa wapangaji, ofisi zikabaki tupu hata watu wa New York wakalitania kwa jina la “jengo tupu”, na karibu miaka 20 ikapita kabla halijaanza kuwalipa wenyewe.

Kuna funzo la pili katika jengo hilo. Gharama yake ilikuwa chini sana kuliko ilivyokadiriwa, na wasomaji wa haraka wamelihesabu jambo hilo kuwa ushahidi wa ufanisi. Sehemu yake ni kweli. Lakini sehemu kubwa ilitokana na mdororo ule ule, ulioshusha ujira na bei za vifaa. Saa za watu na tani za chuma zilizotumika hazikupungua kwa sababu tu kila saa na kila tani ilinunuliwa kwa bei ndogo. Anayepima kwa dola peke yake hawezi kujua ni kiasi gani kililetwa na akili ya wajenzi na ni kiasi gani kililetwa na dhiki ya wasio na kazi.

Kampuni iliyokuwa na faida katika karatasi

Mfano wa upande wa pili ulitokea Uingereza. Kampuni ya Carillion ilikuwa mojawapo ya makandarasi wakubwa wa nchi hiyo, ikiwa na wafanyakazi wapatao 43,000. Hesabu zake za mwaka 2016 zilionyesha faida, na gawio lililotangazwa kwa wanahisa, pauni milioni 79, lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Mwezi wa Julai 2017 kampuni ilitangaza kwamba ilibidi ifute pauni milioni 845 katika thamani ya mikataba yake. Tarehe 15 Januari 2018 ikafilisika, ikiwa na madeni na dhima za karibu pauni bilioni 7, na fedha taslimu pauni milioni 29 tu. Hospitali mbili kubwa, ya Liverpool na ya eneo la Birmingham, zikabaki magofu mapya.

Yawezekanaje faida ya mwezi wa Machi igeuke hasara kubwa namna hiyo mwezi wa Julai? Jibu limo katika namna faida ya ujenzi inavyohesabiwa. Muuza duka hujua faida yake jioni, bidhaa ikishauzwa. Mkandarasi ana kazi ya miaka miwili au mitatu, na mwisho wa kila mwaka hutakiwa kutangaza faida ya kazi ambayo haijaisha. Viwango vya kimataifa vya uhasibu humruhusu kuhesabu mapato kadiri kazi inavyosonga mbele. Kiwango cha kwanza kilichohusu mikataba ya ujenzi kilitolewa mwaka 1979, na tangu Januari 2018 nafasi yake imechukuliwa na kiwango cha 15 cha mfululizo mpya. Vyote viwili humtaka mhasibu akadirie kazi imefikia wapi na itahitaji gharama gani hadi iishe.

Hapo ndipo penye mlango wa hatari. Iwapo maendeleo ya kazi yanakadiriwa kwa kuangalia gharama iliyokwisha kutumika, basi kazi iliyopoteza vifaa na muda yaweza kuonekana imesonga mbele kuliko kazi iliyokwenda kwa uangalifu. Saruji iliyoharibika mvuani ni gharama, na gharama, kwa hesabu ya kizembe, huonekana kuwa maendeleo. Viwango hivyo hukataza kuhesabu upotevu wa aina hiyo kuwa kazi. Lakini mhasibu aliye ofisini ataujuaje upotevu ambao hakuna aliyeuandika kwenye eneo la ujenzi? Dawa yake ni moja: mita za ukuta, za zege na za bomba zipimwe pale zilipo, na vipimo hivyo ndivyo vimwongoze mhasibu, wala si kinyume chake.

Mtaji, muda na deni linalochelewa

Hata pale faida inapohesabiwa kwa uaminifu, swali la kwanza la kuuliza si faida ni asilimia ngapi ya bei ya mkataba. Swali ni faida hiyo imetokana na mtaji kiasi gani uliofungwa kwa muda gani.

Chukua mfano wa kubuni. Mkandarasi wa kwanza anajenga shule kwa mkataba wa shilingi milioni 200 na kupata faida ya asilimia 10, yaani milioni 20. Kazi inamchukua mwaka mzima, na kwa mwaka huo amefunga mtaji wake wa milioni 80 katika vifaa na mishahara. Mkandarasi wa pili anajenga shule za bei hiyo hiyo kwa faida ya asilimia 5 tu, yaani milioni 10 kila moja. Lakini amepanga kazi vizuri, kila shule inamchukua miezi minne, na mtaji wake ni milioni 40 unaozunguka mara tatu kwa mwaka. Faida yake ya mwaka ni milioni 30. Kwa hesabu ya asilimia ya bei, wa kwanza anaonekana bora maradufu. Kwa hesabu ya mtaji, wa kwanza amepata asilimia 25, na wa pili asilimia 75. Aliyewatoza wananchi kidogo ndiye aliyefaidika zaidi. Na hapa ndipo faida na ufanisi vinapokutana kwa haki, kwa sababu faida imetokana na muda uliookolewa.

Sasa mteja acheleweshe malipo. Mkandarasi yule wa pili anadai milioni 60 zilizokwisha kuidhinishwa kwa hati ya malipo, lakini fedha zinakuja baada ya miezi minane. Ili asisimamishe kazi anakopa kiasi hicho benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya miezi minane ni shilingi 7,200,000. Katika faida ya milioni 10 ya shule moja, zinabaki milioni 2 na laki 8. Mafundi wake hawakuzembea hata siku moja, wala hakupoteza hata mfuko mmoja wa saruji. Lakini daftari litasema kwamba amefanya vibaya, na mwaka ujao benki itamtazama kwa jicho la shaka.

Kwa hiyo kipimo cha faida hukosea pande zote mbili. Humpamba mzembe mwenye bahati, na humwaibisha hodari aliyecheleweshewa haki yake. Katika nchi ambayo serikali ndiyo mteja mkubwa wa makandarasi wazalendo, kosa hili si dogo. Huwaua wale ambao taifa lingependa wakue.

Kupima kazi yenyewe

Elimu ya kupima kazi ya ujenzi si mpya, wala haikuanzia katika kompyuta. Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza kazi kama mwanafunzi wa uashi mwaka 1885, aligundua kwamba waashi waliomfundisha hawakujenga kwa namna moja, na kwamba hata mwashi mmoja alikuwa na miendo tofauti alipoharakisha na alipofundisha. Alichunguza kila mwendo wa mkono na wa mgongo. Akatengeneza jukwaa lililopandishwa kadiri ukuta ulivyopanda, ili fundi asiiname kuokota tofali. Akawapa wasaidizi kazi ya kupanga matofali kwa upande ulio sahihi, na akasimamia udongo wa kujengea uwe na ulaini wa kufaa. Miendo 18 ya kuweka tofali moja ikapungua hadi 5, na mwashi aliyekuwa akiweka matofali 120 kwa saa akaweza kuweka 350. Kitabu chake kuhusu uashi kilitoka mwaka 1909.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba Gilbreth hakumwambia mwashi aongeze jasho. Alimpunguzia kuinama. Wanaoogopa kwamba vipimo ni kiboko kipya cha kumchapia kibarua wana sababu ya kuogopa, maana vipimo vimewahi kutumiwa hivyo. Lakini katika eneo la ujenzi sehemu kubwa ya muda haipotei kwa uvivu wa kibarua. Hupotea akingojea kokoto ambazo hazijafika, maji yaliyokatika, mchoro usioeleweka, au msimamizi aliyekwenda mjini. Kipimo kizuri humwandika anayesababisha kungoja, si anayengoja tu.

Mwaka 1957 mchumi wa Uingereza, M. J. Farrell, aliongeza hatua muhimu. Alisema ufanisi usipimwe kwa kulinganisha na ndoto ya mtaalamu, bali na utendaji bora uliokwisha kuonekana miongoni mwa wanaofanya kazi ya aina moja. Mfano wake katika uashi ni huu: ikiwa kikosi bora hujenga mita za mraba 100 za ukuta wa matofali ya saruji kwa saa 160 za watu, na kikosi kingine hutumia saa 200 kwa ukuta ule ule, ufanisi wa kikosi cha pili ni 160 kwa 200, yaani asilimia 80. Kikosi hicho kingeweza kuokoa moja ya tano ya muda wake bila kupunguza kazi. Farrell alitenga pia jambo la pili, nalo ni kuchagua vifaa na nguvu kwa kufuata bei zake. Mtu aweza kutumia mashine kwa ustadi mkubwa mahali ambapo majembe yangetosha kwa gharama ndogo. Huyo ana ufanisi wa ufundi, lakini hana ufanisi wa bei. Mwaka 1978 Charnes, Cooper na Rhodes waligeuza wazo hilo kuwa hesabu inayoweza kulinganisha taasisi nyingi kwa pamoja, na hadi leo hutumika kupima shule, hospitali, benki na makandarasi.

Ukosefu wa vipimo vya kazi husumbua hata mataifa tajiri. Uchunguzi wa taasisi ya McKinsey wa mwaka 2017 ulieleza kwamba kwa miaka 20 tija ya ujenzi duniani ilikua kwa asilimia 1 tu kwa mwaka, ilhali uchumi wote kwa jumla ulikua kwa asilimia 2.8. Mwaka 2023 wachumi Austan Goolsbee na Chad Syverson walionyesha kwamba katika Marekani tija ya mfanyakazi wa ujenzi mwaka 2020 ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko ya mwaka 1970. Wengi walidhani kwamba kosa lilikuwa katika hesabu za bei. Wachumi hao wakaziacha fedha, wakahesabu nyumba zilizojengwa kwa kila mfanyakazi. Wakakuta kwamba kwa kipimo hicho pia tija ilikuwa imedumaa au kushuka. Kitu cha kuhesabika kwa macho ndicho kilichomaliza ubishi.

Chumba cha darasa cha shilingi milioni 20

Tanzania inao mfano wake. Mwaka 2021 serikali ilipanga kujenga vyumba vya madarasa 15,000, vikiwa 12,000 vya shule za sekondari na 3,000 vya vituo shikizi vya shule za msingi, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Kila chumba kilipangiwa shilingi milioni 20, na kazi nyingi zilifanywa na mafundi wa mahali chini ya kamati za shule. Ni kazi kubwa iliyofanyika kwa muda mfupi, na watoto wengi wamekaa madarasani kwa sababu yake.

Lakini jaribu kuuliza: ni wapi palipojengwa kwa ufanisi? Shule iliyotumia milioni 20 zote, au iliyobakiza milioni moja? Kwa hesabu ya fedha, ya pili. Kwa hesabu ya kazi, hakuna awezaye kujibu kwa hizo namba mbili. Saruji ya Wazo Hill, ambako kiwanda kilianza kazi mwaka 1966, haifiki Kigoma kwa bei inayouzwa Tegeta, maana njiani kuna zaidi ya kilomita 1,000. Mahali pengine mchanga uko mtoni nyuma ya shule, na kwingine hununuliwa kwa lori. Mahali pengi wananchi walichimba msingi, wakasomba mawe na kuteka maji kwa mikono yao. Moyo huo ni wa kusifiwa. Lakini saa zao, zisipoandikwa, hulifanya jengo lionekane rahisi kuliko lilivyo, na jasho la mama aliyebeba maji tangu alfajiri huhesabiwa sifuri.

Njia ya kulinganisha kwa haki ipo, na si ngumu. Iandikwe idadi ya mifuko ya saruji, kilo za nondo, idadi ya matofali, na saa za watu zilizotumika kwa chumba kimoja, za kulipwa na za kujitolea. Kisha idadi hizo zizidishwe kwa bei za aina moja kwa nchi nzima. Tofauti zitakazobaki hazitakuwa za umbali wala za soko. Zitakuwa tofauti za kazi. Shule ya Kigoma iliyotumia milioni 20 yaweza kuonekana hodari kuliko shule ya Pwani iliyotumia 19. Na ile itakayokuwa hodari kuliko zote haitatazamwa kwa shaka. Itatembelewa na wengine ili wajifunze.

Daftari la safu nne

Watasema wengine kwamba majengo hayafanani, na hivyo hayawezi kulinganishwa. Ni kweli kwamba hospitali si ghala. Lakini ukuta ni ukuta, plasta ni plasta, na mita ya ujazo ya zege ni ile ile, maadam aina ya zege na kimo cha kazi vimetajwa. Tena nusu ya vipimo tayari ipo. Katika kila zabuni rasmi mkadiriaji majenzi huandaa jedwali la kazi linaloonyesha mita ngapi za mraba za ukuta, mita ngapi za ujazo za zege na kilo ngapi za nondo. Jedwali hilo hutumika kupanga bei na kulipa, kisha huwekwa kabatini. Kinachokosekana ni nusu ya pili: kila kiasi kile kilichukua saa ngapi na vifaa gani hasa.

Nusu hiyo yaweza kuandikwa katika daftari la kawaida la safu nne, jioni ya kila siku: kazi iliyofanyika, saa za watu, vifaa vilivyotumika na vilivyoharibika, na saa za kungoja pamoja na sababu yake. Msimamizi anayeweza kuandika mahudhurio ya vibarua aweza kuandika na hayo. Kwa ukuta wa matofali ya inchi 18 kwa 9, hesabu yaonyesha kwamba kila mita ya mraba huhitaji matofali yapatayo 10, yakiwamo machache ya kuvunjika. Daftari likionyesha 12, kuna swali la kuulizwa siku ile ile, wala si baada ya mkaguzi kufika mwaka unaofuata.

Vyombo vya kuisimamia kazi hii havina haja ya kubuniwa. Baraza la Taifa la Ujenzi limekuwapo kwa sheria tangu mwaka 1979, nalo huchapisha takwimu za mabadiliko ya bei. Laweza kuchapisha pia takwimu za tija kwa kila aina ya kazi na kila kanda, bila kutaja jina la kampuni yoyote. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, huwapanga makandarasi katika madaraja saba kwa kuangalia mambo kama mtaji, mitambo na wataalamu walio nao. Hivyo vyote ni vitu alivyo navyo mkandarasi. Yafaa siku moja yaongezwe na aliyoyafanya navyo. Na pamoja na daftari la mkandarasi liwepo daftari la mteja, linaloonyesha kila hati ya malipo iliidhinishwa lini na kulipwa lini, ili ucheleweshaji wa ofisi usiandikwe kuwa uzembe wa fundi.

Makandarasi wengine watahofu kwamba siri zao za biashara zitafichuka. Lakini siri ya mkandarasi ni bei yake, wala si idadi ya matofali ukutani, ambayo mpita njia yeyote aweza kuyahesabu. Anayejenga kwa ustadi ndiye atakayepata nguvu mpya kwa kipimo hiki. Leo hushindwa zabuni na mtu anayetaja bei ya chini isiyoweza kujenga kitu. Kesho, takwimu zikiwapo, kamati ya zabuni itaweza kuona kwamba bei ile haitoshi hata kwa saruji inayotakiwa, na kuuliza mapema ni wapi itapunguzwa.

Waswahili wamekwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo aghalabu hufundishwa kwa wauza maduka. Inawahusu zaidi wajenzi, kwa kuwa mali ya taifa inayozikwa kila mwaka katika misingi, nguzo na kuta ni nyingi, na ikishafunikwa kwa plasta haionekani tena. Daftari la fedha peke yake litaeleza nani alibakiwa na nini. Daftari la kazi litaeleza kama darasa lililofuata lingeweza kujengwa kwa vilivyopotea katika lile la kwanza, na kama nguzo zinazolibeba zina saruji iliyolipiwa.